Maradhi Yaliyohifadhiwa Katika Jino

Udongo mwekundu wa Kangari, na wa vilima vyote vinavyopanda kuelekea Nyandarua, ambao wakulima wa Murang'a na Nyeri huusifu kwa kuwa mchai hustawi humo, una tabia moja ambayo mkulima hana haja ya kuifikiria lakini mwanaakiolojia huihuzunikia: una tindikali nyingi, na tindikali hiyo, ikisaidiwa na mvua, huila mifupa. Tena Wakikuyu wa zamani aghalabu hawakuwazika wafu wao, ila wazee wenye mali na heshima; maiti wengine walipelekwa kichakani na kuachiwa fisi, mpaka serikali ya kikoloni na wamishenari walipoigeuza desturi hiyo. Basi mtu atakayeuliza ni maradhi gani yaliyowaua wakazi wa milima hii kabla ya kuwapo daftari za hospitali ya Tumutumu au ya Mathari, hatapata jawabu chini ya michai. Itambidi aizunguke milima hiyo aende Laikipia kwenye ukavu, au ateremke Bonde la Ufa, kwenye mapango na marundo ya mawe walikozikwa wafugaji wa kale.

Zamani wachunguzi wa mifupa walitegemea macho yao tu. Kifua kikuu kikishuka uti wa mgongo huzila pingili hata mtu akawa na kibyongo, na ukoma huzimaliza ncha za vidole. Lakini wengi waliokufa kwa kifua kikuu hawana alama yoyote mifupani, na tauni, ambayo humwua mtu kwa siku chache, haiachi hata moja. Shahidi aliye thabiti zaidi ni jino. Ndani yake mna uwazi mdogo wapitamo mishipa ya damu, na mtu akifa ilhali damu yake imejaa bakteria, baadhi ya bakteria hao hukaukia humo wakihifadhiwa na ganda gumu la jino. Mtaalamu, akiwa amejifunika mwili mzima ili vinasaba vyake mwenyewe visiingie katika kazi, hulikata jino na kukwangua unga kidogo, kisha hutoa katika unga huo vinasaba, yaani DNA, na kuvisoma kwa mitambo.

Visomwavyo si vizima. Vimekatikakatika vipande vifupi, aghalabu chini ya herufi mia moja, tena vya ugonjwa ni vichache mno katikati ya vile vya bakteria wa udongo. Lakini uchakavu huo wenyewe ndio ithibati: kwa kupita miaka, herufi iitwayo C iliyo kwenye ncha za kipande huharibika ikasomwa kama T, na vipande visivyo na dalili hiyo hushukiwa kuwa ni vya juzi. Hadhari hii ni ya lazima, kwa maana udongoni wamo bakteria walio ndugu wa karibu wa yule wa kifua kikuu, na anayefanya haraka huweza kutangaza ugonjwa ambao marehemu hakuwa nao.

Katika bara letu mfano ulio bora ni wa mtoto wa kiume wa jamii ya wawindaji, wa umri wa takriban miaka saba, aliyekufa miaka 2,000 iliyopita huko Ballito Bay, pwani ya Afrika Kusini. Mwaka 2023 watafiti walieleza kwamba masalia yake yalikuwa na vinasaba vya Rickettsia felis, bakteria aenezwaye na viroboto, ambaye kabla ya hapo alidhaniwa kuwa mgeni miongoni mwa wanadamu. Habari hiyo inatuhusu, kwani mwaka 2010 bakteria huyo huyo alitangazwa kuonekana katika wagonjwa wa homa kaskazini mashariki mwa Kenya. Homa ambayo tabibu wa leo huweza kuidhania malaria ilikuwa ikiwapata wawindaji kabla ya Waafrika wengi kuwa na jembe la chuma.

Kuhusu tauni, suala ni zito zaidi. Ilipozuka Nairobi mwaka 1902, na soko la Wahindi likateketezwa kwa amri ya mganga wa serikali, wengi waliona imeletwa na merikebu na reli. Lakini miongoni mwa bakteria wa tauni wa Kenya, Uganda na Kongo limo tawi ambalo René Devignat aliliita Antiqua mwaka 1951, na nasaba yake iko karibu na ya bakteria waliosomwa mwaka 2011 katika makaburi ya East Smithfield, London, ya miaka ya 1348 hadi 1350. Ndiyo maana baadhi ya wanahistoria hushikilia kwamba tauni ilifika bara karne nyingi kabla ya reli. Jino moja la mtu wa zama hizo lingeweza kuikata hukumu hiyo, wala joto la pwani si kizuizi kamili, kwani mwaka huo wa 2023 vilichapishwa vinasaba vya watu 80 wa miji ya kale ya Waswahili, ikiwamo Manda na Mtwapa, na wa mji mmoja wa bara.

Lakini jino lililosagwa halirudi, na mifupa ya kale iliyomo katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi ni amana isiyoongezeka kwa urahisi. Mwaka 2019 vilichapishwa vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wakiwamo wa Laikipia, kwa ajili ya kujua asili yao. Na kwa kazi ya nasaba wachunguzi hupenda mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, ambao kwa kuwa hauna damu nyingi si mahali pema pa kutafutia maradhi. Rai yangu ni kwamba, kabla ya idhini nyingine kutolewa ya kukata jino lolote, yale yaliyokwisha kusomwa kutoka katika meno yapekuliwe tena kwa kompyuta kutafuta vipande vya bakteria, kazi isiyogharimu hata chembe ya mfupa, na vijana wa vyuo vyetu wafundishwe kuifanya hapa hapa.