Kamera ya Zumu au Kamera Ngumu: Mwamuzi ni Vumbi

Maarifa ya Picha – Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia kamera iliyomo ndani ya simu, tukaona kwamba kwa picha za nyumbani na za barabarani mchana, simu nzuri inatosha. Leo naandika kwa ajili ya msomaji ambaye simu haimtoshi tena, na ambaye mfuko wake unaruhusu kamera moja tu. Akianza kutafuta atakutana na aina mbili. Ya kwanza ni kamera ndogo ya zumu: ukiiwasha, lenzi yake inachomoza kutoka tumboni na kuvuta karibu kitu kilicho mbali. Ya pili ni kamera ngumu: haiingizi maji, ikianguka haipasuki, na lenzi yake haitokezi nje hata kidogo.

Hapa Lubumbashi wengi huiondoa hii ya pili kwa sentensi moja: mimi si mpiga mbizi, kamera ya majini ya nini? Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini imemsahau adui mkuu wa kamera katika mji huu. Mvua yetu, milimita kama 1,200 kwa mwaka, hunyesha hasa kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba karibu hakuna tone, na miezi hiyo ndiyo vumbi jekundu linapotawala. Linapanda kutoka barabara zisizo na lami za komuni za Katuba, Kenya na Ruashi, linatimuliwa na malori ya njia ya Kasumbalesa na ya Likasi, kisha linachanganyika na majivu ya porini wakati nyasi zinapochomwa. Mwenye kamera Lubumbashi anaweza kujikinga na mvua kwa kusimama chini ya kibaraza. Vumbi litamfuata humo humo.

Lenzi ya zumu inayochomoza imejengwa kwa mirija inayoingiliana. Inapotoka nje, nafasi iliyo ndani ya kamera inaongezeka na hewa inavutwa kupitia vipenyo vyembamba vya mirija. Inaporudi, hewa inasukumwa nje. Inafanya kazi ya mivukuto ya wafua shaba wa Katanga wa zamani. Hewa hutoka, lakini chembe za vumbi hubaki. Nyingine hukwama kwenye mirija na kuifanya ikwaruze, nyingine hutua juu ya kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha. Huko zinaonekana kama madoa ya kijivu kwenye anga la kila picha, hasa unapovuta zumu hadi mwisho. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi hufunguliwa na kihisi kikasafishwa. Hii ndogo imefungwa kiwandani; kuisafisha ni kuivunja skrubu kwa skrubu, kazi ambayo mara nyingi gharama yake inaikaribia bei ya kamera yenyewe.

Kamera ngumu imelikwepa tatizo hilo kwa ubunifu mwingine. Katika nyingi kati yake mwanga huingia kupitia kioo kilichotulia, ukapindishwa na prizimu hadi pembe ya digrii 90, na vioo vya zumu vinasogea ndani ya mwili wa kamera bila kugusana na hewa ya nje. Kila mlango una mpira wa kuziba. Kwa hiyo maandishi makubwa ya "mita 15 majini" kwenye boksi, kwetu sisi, yanamaanisha jambo jingine: hata unga wa barabara ya mgodi hauna pa kupita. Ukiona alama ya IP, soma kwanza tarakimu ya mwanzo, kwa sababu hiyo ndiyo ya vumbi. 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. 5 maana yake linaweza kuingia kidogo bila kuzuia chombo kufanya kazi. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. Wauzaji hupenda kuisifia hiyo ya pili, na mnunuzi wa Lubumbashi ainunue ile ya kwanza.

Historia ya kamera hizi inaonyesha kwamba tangu zamani hazikuwa za wapiga mbizi peke yao. Ni kweli mama yao ni Calypso, iliyobuniwa na mhandisi Mbelgiji Jean de Wouters kwa ajili ya safari za baharini za Jacques-Yves Cousteau. Nikon waliichukua na kuanza kuiuza kwa jina la Nikonos mwaka 1963. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Konica huko Japani ilitoa kamera ya filamu iliyokusudiwa wasimamizi wa ujenzi, watu wa saruji, matope na vumbi. Mwaka 2006 Olympus wakaleta μ 720SW, kamera ya dijitali ya mfukoni iliyostahimili maji ya mita 3 na kuanguka kutoka mita 1.5. Ukoo wake unaendelea leo katika TG-7 ya mwaka 2023, inayouzwa kwa jina la OM System: mita 15 majini, kuanguka kutoka mita 2.1, na mgandamizo wa kilo 100.

Ikiwa mambo ni hivyo, kwa nini mtu anunue kamera ya zumu? Kwa sababu kuna vitu ambavyo huwezi kuvisogelea.

Chukua uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo. Umekaa jukwaani na mshambuliaji yuko mita 60 mbele yako. Zumu ya TG-7 inaishia milimita 100, kwa kipimo cha filamu ya milimita 35 ambacho watengenezaji wote hukitumia kulinganisha lenzi. Kwa umbali huo fremu inabeba upana wa karibu mita 22 na kimo cha mita 14 na kitu. Mchezaji mwenye urefu wa mita 1.8 atachukua sehemu moja tu kati ya nane za kimo cha picha. Utamjua kwa namba ya mgongoni, ukibahatika. Panasonic TZ200 ya mwaka 2018 inafika milimita 360. Hapo fremu ina kimo cha mita 4, na mchezaji anachukua karibu nusu yake. Kamera zenye zumu ya mara 30, kama Sony HX99, zinafika milimita 720, na mchezaji anajaza picha kuanzia kiatu hadi nywele. Ndivyo ilivyo pia kwa pundamilia wa Hifadhi ya Upemba, ambao hawatakungoja uwasogelee, na kwa bibi harusi aliye mbele ya kanisa huku wewe umekaa benchi la nyuma.

Hapo wengi hukimbilia namba kubwa. Nawasihi wasiharakishe. Zumu ya mara 30 au 40 inaingia mfukoni kwa sababu moja tu: kihisi chake ni kidogo sana, takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Kihisi kinachoitwa cha inchi moja, kama cha TZ200 au cha ukoo wa Sony RX100 ulioanza mwaka 2012, kina milimita 13.2 kwa 8.8. Zidisha upana kwa kimo utaona kwamba eneo lake ni mara nne ya kile kidogo, na mwanga kinaoukusanya unaongezeka vivyo hivyo. Tena lenzi zote za namna hii hupungukiwa mwanga zinapovutwa. Ile ya TZ200 huanza na tundu la f/3.3 ikamaliza na f/6.4, maana yake ikifika mwisho kila milimita ya kihisi inapata kama robo ya mwanga iliyokuwa inapata mwanzoni. Saa kumi alasiri hilo halikusumbui. Lakini jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na giza huingia upesi. Mechi ikimalizikia chini ya taa, kihisi kidogo chenye zumu ndefu kitakupa wachezaji waliochuruzika kama rangi yenye maji. Nikilazimika kuchagua kati ya zumu ya mara 15 yenye kihisi cha inchi moja na zumu ya mara 40 yenye kihisi kidogo, nachukua ya kwanza bila kusita. Katika miezi ya moshi na vumbi, hewa yenyewe huuficha ule umbali unaolipia.

Ukubwa wa kile kinachopokea mwanga si jambo la mafundi peke yao. Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alifanya mfululizo wake wa Mémoire mwaka 2006 kwa kuchukua picha za kumbukumbu za wafanyakazi wa zama za kampuni ya madini ya Union Minière na kuwasimamisha upya mbele ya mabaki ya mitambo ya Gécamines, kampuni iliyoirithi. Aliweza kuwakata wale watu, kuwakuza na kuwaweka katika mandhari pana kwa sababu picha za zamani zilikuwa na maelezo ya kutosha ndani yake. Anayepiga picha za wazee wake, za nyumba za kambi za wafanyakazi au za bomba la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya uyeyushaji wa shaba kilicho kando yake, anaweka akiba ya aina hiyo hiyo. Kwa kazi ya namna hiyo napendelea kihisi kikubwa, hata ikibidi kamera ichungwe zaidi.

Sasa twende mgodini, maana huko ndiko hukumu inakogeuka kabisa. Mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi akipelekwa kwenye miamba ya upande wa Étoile, ambako uchimbaji wa kiviwanda wa shaba ya Katanga ulianzia mwaka 1911, hahitaji kuona mbali. Anahitaji kuona karibu: mishipa ya malakiti ya kijani, madoa meusi ya heterojeniti yenye kobalti, jinsi tabaka moja linavyokatwa na jingine. TG-7 na ndugu zake wa kabla yake zinaweza kulenga kitu kilicho sentimita 1 tu kutoka kwenye kioo, kiasi cha kuonyesha chembe ambazo jicho linahitaji lupa kuziona. Zina GPS inayoandika mahali picha ilipopigwa, na mwenye sampuli nyingi mfukoni jioni anajua thamani ya habari hiyo. Zikijaa matope zinaoshwa bombani. Nyundo ya mwanajiolojia ikizigonga mkobani, zinavumilia.

Chini ya ardhi, kama Kipushi, mambo ni magumu kwa kila kamera. Kuna giza, maji yanadondoka, na hewa ina chembe nyingi. Usiwashe fleshi ya kamera: iko sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, hivyo inamulika vumbi lililo mbele ya pua yako na picha inajaa vitone vyeupe. Mwombe mwenzako amulike ukuta wa mwamba kwa taa yake kutoka ubavuni. Mwanga wa pembeni unaonyesha pia mikwaruzo na mikunjo ya jiwe. Weka nyundo au sarafu kando ya kitu unachopiga ili msomaji wa ripoti apate kipimo. Na ruhusa iombwe kabla: langoni mwa mgodi, uwanja wa ndege au kambi ya askari, lenzi iliyochomoza huzua maswali, na hakuna picha inayostahili usumbufu huo.

Uamuzi wangu basi ni huu. Kama kazi yako ni migodi, mashamba, ujenzi, pikipiki kila siku, au safari za maporomoko ya Lofoi ambako maji yanashuka zaidi ya mita 300 na kurusha unyevu usoni, nunua kamera ngumu hata kama huogelei. Kama maisha yako ya picha ni harusi, kanisa, mpira na wanyama, nunua zumu yenye kihisi cha inchi moja, uifungie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, na usiichomoze lenzi lori linapopita. Asiyejua yuko upande gani achukue ile ngumu. Simu yake tayari inamsaidia mahali safi.

Wengi wetu tutanunua iliyokwisha kutumika, na kila aina ina mtihani wake. Ya zumu ipigie picha anga jeupe, lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, kisha ikuze picha kwenye kioo na utafute madoa ya kijivu. Iwashe na kuizima mara kadhaa karibu na sikio: ikikwaruza, iache. Ngumu ifungue mlango wa betri. Vidole vya chuma vikiwa na kutu ya kijani, maji yamewahi kuingia. Ukungu ndani ya kioo cha lenzi unasema hivyo hivyo. Tazama mpira wa kuziba, kwa maana unywele mmoja au punje ya mchanga juu yake inatosha kupitisha maji, na watengenezaji wenyewe hushauri ubadilishwe kila mwaka hata ukionekana mzima. Muulize muuzaji kama fundi amewahi kuifungua. Ikiwa imefunguliwa nje ya karakana yenye vifaa vya kupima shinikizo, ichukulie kuwa kamera ya kawaida isiyotakiwa kulowa, na ulipe bei ya kamera ya kawaida. Mwishowe uliza jinsi inavyochajiwa. Inayokubali waya wa USB itakula kutoka betri ya akiba au paneli ya jua siku ya delestaji, yaani umeme unapokatwa; inayotaka chaja yake peke yake, hakikisha chaja hiyo imo ndani ya boksi kabla hujatoa dola zako.