BUKINI: KISIWA JIRANI TUSICHOKIJUA

Na Mwandishi Wetu

Wazee wa mwambao wetu walikiita kisiwa hiki Bukini, na wenyeji wake Wabuki, zamani kabla watoto wa shule hawajafundishwa kutamka Madagaska. Kutoka pwani ya Msumbiji ni kilomita zipatazo 400 tu za maji, na visiwa vya Komoro vimekaa katikati kama mawe ya kuvukia kijito. Hata hivyo mfanyakazi wa Dar es Salaam au Mombasa aghalabu anajua habari za London kuliko za jirani huyu, ambaye ardhi yake ina ukubwa wa kilomita za mraba 587,000, yaani inaizidi Kenya nzima kwa kiasi kidogo. Ni kisiwa cha nne kwa ukubwa duniani. Kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni karibu kilomita 1,600.

Lugha ya Wamalagasi ni jamaa ya lugha za Borneo, huko mbali katika Asia ya Kusini-Mashariki, ambako mababu zao walitoka kwa ngalawa. Lakini msomaji akiingia zizini mwao atajikuta nyumbani. Ng'ombe huitwa omby, mbwa ni amboa, kuku ni akoho, kondoo ni ondry, na kanga wa porini ni akanga. Mifugo ilivuka bahari pamoja na majina yake. Kaskazini-magharibi ulikuwako mji wenye boma la mawe uitwao Mahilaka, ambao wafanyabiashara Waislamu wa mwambao waliujua zaidi ya miaka 700 iliyopita, na katika mji wa bandari wa Mahajanga umesimama hadi leo mbuyu mnene mno kando ya bahari. Mbuyu huo ni wa aina ile ile tuijuayo sisi bara, na wataalamu wanaona kuwa aina hiyo ilifikishwa kisiwani na watu.

WANYAMA WASIOKUWAKO KWINGINE

Anayekwenda Bukini kutafuta simba, tembo au twiga atarudi mikono mitupu. Hawapo, wala hawakupata kuwapo. Kisiwa kilijitenga na Afrika takriban miaka milioni 165 iliyopita, kisha kikaachana na Bara Hindi miaka milioni 88 iliyopita, na tangu hapo viumbe vyake vimekuwa vikiishi peke yao. Hakuna nyani wala tumbili. Hakuna swila wala moma, jambo ambalo litamfurahisha kila mwenye kuogopa kutembea nyasini. Badala yake wapo lemuri, jamaa wa mbali wa komba tunaowasikia wakilia usiku katika minazi yetu. Nao ni aina zaidi ya 100, tangu mdogo atoshaye kiganjani hadi indri mwenye kilo tisa. Karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani ni za huko. Mnyama mkubwa alaye nyama ni fosa, anayefanana na paka mrefu lakini ukoo wake uko karibu na nguchiro, naye huwakimbiza lemuri hadi juu ya miti.

Zamani palikuwapo na ndege asiyeruka, mrefu kuliko mbuni, ambaye yai lake moja lingeweza kubeba kiasi cha mayai 150 ya kuku. Alitoweka yapata miaka elfu moja iliyopita, baada ya binadamu kufika. Maganda ya mayai yake bado hupatikana katika mchanga wa kusini.

MSITU UIMBAO

Mahali penye kufikika kwa urahisi ni Andasibe, kilomita zipatazo 140 mashariki ya mji mkuu, Antananarivo, katika barabara iendayo bandari ya Toamasina. Msafiri asiye na fedha nyingi hupanda basi dogo lililosheheni watu ndani na vikapu, magodoro na kuku juu ya keria, na baada ya saa chache za kona na miteremko huwa ameshafika. Hulala kijijini, akaamka alfajiri, kwa kuwa indri huimba asubuhi.

Sauti yao ni vigumu kuifananisha. Huanza kama ngurumo ya koo, kisha ikapanda na kuwa kilio kirefu chenye kuteremka, mume na mke wakipokezana, na familia nyingine ikajibu kutoka kilima cha pili. Nayo husikika umbali wa kilomita mbili au zaidi. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba nyimbo za indri zina mapigo yaliyopangika kwa uwiano kama muziki wa binadamu, jambo ambalo ni nadra sana kwa mnyama. Katika ukoo huu wa lemuri mwenye kauli ni mke: yeye hula kwanza, na mume hungoja. Baadhi ya wasomaji wetu wa kike watasema kwamba msitu una akili.

Wenyeji humwita indri babakoto, na masimulizi mengi yanasema mnyama huyo na binadamu ni ndugu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo kumwua ni mwiko, au fady kama wasemavyo wao. Mwiko huo ulimlinda kwa karne nyingi, kabla haijatungwa sheria yoyote ya serikali. Lakini mwiko una nguvu pale panapokaa watu waliorithishana masimulizi yale. Wageni walipomiminika misituni kuchimba dhahabu na vito, wengine hawakuwa na sababu ya kumwita ndugu, wakamla. Indri huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu, na majaribio ya kumfuga katika mabustani ya wanyama yameshindwa. Msitu wake ukiisha, naye amekwisha.

MIBUYU NA MISITU YA MAWE

Upande wa magharibi ni nchi nyingine kabisa, kavu na yenye joto, ambako msafiri hutakiwa kuwa na miguu imara. Bukini ina aina sita za mibuyu zisizopatikana popote pengine. Kilomita 20 hivi kutoka mji wa Morondava iko barabara ya vumbi iliyopigwa picha kuliko mahali popote kisiwani: mibuyu mirefu kama nyumba ya ghorofa nane au tisa, mashina laini kama nguzo za msikiti, imesimama huku na huku ng'ombe wa mikokoteni wakipita katikati. Watalii huja machweo kuishangaa ikigeuka nyekundu. Wachache hukumbuka kwamba mibuyu ile haikupandwa kandokando ya barabara. Ilikuwa ndani ya msitu mkubwa. Msitu ukafyekwa kwa ajili ya mashamba, na mibuyu ikabaki peke yake kwa kuwa mbao zake hazifai kitu. Picha zile nzuri zinazotundikwa katika mashirika ya ndege ni picha za mabaki.

Ukiendelea kaskazini yapata kilomita 200, safari ya siku nzima kwa gari la kupanda milima, ukivushwa mito miwili kwa pantoni zilizoundwa kwa mbao na chuma, utafika Bemaraha. Hapo maji ya mvua yamelila jiwe la chokaa kwa mamilioni ya miaka hata likabaki maelfu kwa maelfu ya ncha kali kama mikuki, nyingine zikipanda makumi ya mita. Wenyeji huziita tsingy. Mgeni hufungwa mkanda kiunoni na mapajani, akajinasa kwa ndoano katika kamba ya chuma iliyopigiliwa mwambani, akapanda ngazi, akajipenyeza katika mianya ambayo mtu wa tumbo kubwa ataijutia, kisha akavuka daraja la kuning'inia. Huku akitetemeka, lemuri weupe waitwao sifaka huruka toka ncha hadi ncha bila hata mkwaruzo. Mahali hapo pamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1990.

Chini, kwenye korongo la mto Manambolo, yamo makaburi ya kale ya Wavazimba, wanaoaminiwa kuwa wakazi wa kwanza wa nchi. Kuyaelekezea kidole kilichonyooka ni mwiko. Mwongozaji atakueleza ukunje kidole, nawe ukunje.

NANI ATAUTUNZA MSITU?

Mbele ya mlango wa kila mbuga kuna kijiji, na kijijini kuna watu wanaokula wali asubuhi, mchana na jioni wakiupata. Mkulima wa mashariki hufyeka kilima, akachoma, akapanda mpunga. Baada ya misimu michache udongo huchoka naye husogea mbele. Huitwa tavy. Magharibi huchomwa msitu kwa mahindi na karanga. Wakazi wa miji, kama sisi, wanapikia mkaa, na kila gunia lina mti wake. Mwandishi huyu haoni haki ya kumlaumu mwenye jembe peke yake. Baada ya machafuko ya kisiasa ya mwaka 2009 magogo ya miti ya jamii ya mpingo yalitolewa katika mbuga za Marojejy na Masoala na kusafirishwa ng'ambo, zaidi China, kwa ajili ya samani za matajiri. Na aliyekata gogo hakupata ila ujira wa kutwa. Misitu ya mvua ya mashariki, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2007, iliwekwa mwaka 2010 katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikuondolewa humo hadi mwaka 2025.

Katika miaka ya 1990 nusu ya kiingilio cha mbuga ilitengwa kwa miradi ya vijiji vya jirani. Huko Andasibe chama cha wenyeji kiitwacho Mitsinjo huongoza wageni, huotesha miche na kupanda upya miti ya asili. Kijana apataye ujira kwa kumwonyesha mgeni indri ana sababu ya kumtaka indri awe hai kesho. Lakini waongozaji ni wachache na walimaji ni wengi, na kimbunga kimoja, kama kile cha Batsirai cha Februari 2022 kilichoua watu zaidi ya 120, hutosha kufukuza wageni msimu mzima.

Anayetaka kwenda basi achague miezi ya Mei hadi Oktoba, kwani wakati wa masika barabara ya Bemaraha hugeuka tope na hufungwa. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu huzaa katika maji ya kisiwa cha Sainte-Marie, mashariki. Achukue dawa za malaria, sweta kwa ajili ya baridi ya nyanda za juu, na noti ndogo ndogo za ariari, maana mchuuzi wa ndizi kando ya njia hana chenji.