Damu ya Mtu

Walikuja watano kwenye bajaji moja, saa moja na nusu jioni, mgonjwa wamemlaza mapajani. Kijana wa bodaboda. Gari dogo lilimkwangua kwenye makutano, kioo cha taa kikamchana paja, vidole vinne juu ya goti. Jeraha lilikuwa limefunikwa kanga, imetandazwa kwa upole kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Kanga ilikuwa imelowa chapachapa, na sakafu ya bajaji nayo ilikuwa imelowa. Nikauliza, "Nani alikuwa anabana hapa?" Wakatazamana. Mmoja wao, mwenzake wa kijiweni, akanijibu kwa sauti ya chini: "Sista, damu ya mtu ile."

Nimekaa kwenye uuguzi wa dharura muda wa kutosha kujua kwamba jibu lile halikutoka kwenye roho mbaya. Watu wale waliacha abiria zao, wakachanga nauli, wakamshika mwenzao kichwa njia nzima. Walichoshindwa ni kuweka kiganja mahali pamoja tu. Na tukisema kweli, hofu ile tuliwafundisha sisi wenyewe. Miaka nenda rudi tuliwaambia wananchi kwamba damu ni hatari, tukaishia hapo. Hatukuwaambia ni hatari kiasi gani, inapita wapi, na inazuiwa na nini. Sentensi tuliiacha katikati, watu wakaimalizia wenyewe kwa kukunja mikono.

Tuanze na paja. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika kabisa, anaweza kuimaliza njiani ndani ya dakika chache, kabla dereva hajageuza gari. Kijana wetu alibahatika, mshipa mkubwa haukuguswa. Lakini hakuna aliyekuwepo barabarani pale aliyeweza kulijua hilo, kwa hiyo bahati haihesabiwi kama huduma.

Kubana maana yake ni kubana. Chukua kitambaa kilicho safi kuliko vingine vilivyopo, kikunje mara kadhaa kiwe kinene, kiweke pale pale damu inapochomoza, kisha weka kisigino cha kiganja juu yake. Mkono wa pili uje juu ya wa kwanza, viwiko vinyooke, uzito wa mwili ushuke, kama mtu anayefunga begi la safari lililojaa kupita kiasi. Majeruhi akilalamika kwamba unamuumiza, mwombe radhi na uendelee. Kaa hivyo dakika 10 bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakotuponza: damu inaanza kuganda, sisi tunafunua tuone kama imeacha, tunalibandua donge lililokuwa linaziba, tunaanza upya. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu yake na uzidishe nguvu, cha chini kiache kilipo. Kama kuna kipande cha chuma au kioo kimezama ndani, usikichomoe, bana pembeni yake.

Kuna mkono au mguu unaotiririka hata ukibanwa. Hapo funga kitambaa kipana upande wa juu ya jeraha, kama vidole vinne kutoka lilipo, usifunge kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko. Ingiza kijiti kwenye fundo, kisokote mpaka damu ikome, kizuie kisifunguke, halafu andika saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye paji la uso wa majeruhi. Waya na kamba nyembamba hapana, hukata nyama. Na ukishafunga usilegeze, tuachie sisi tufungue.

Sasa turudi kwa yule aliyesema damu ya mtu.

Takwimu tulizonazo zinatoka kwa wahudumu wa afya waliojichoma kazini. Kati ya 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, bila kumeza dawa yoyote ya kinga, walioambukizwa ni kama 3. Damu ikiruka jichoni au mdomoni, inakaribia 1 kati ya 1,000. Ikimwagikia ngozi nzima, isiyo na mkato wala mchubuko, hatari ni ndogo kiasi kwamba haipimiki. Isitoshe, siku hizi wengi wanaoishi na VVU wanameza ARV, na virusi vikishafubazwa hatari hupungua zaidi. Ngozi yako nzima ndiyo glovu ya kwanza uliyopewa, na hukuilipia.

Kirusi ninachokiogopa mimi hakina jina kubwa mtaani. Ni cha homa ya ini aina ya B. Sindano ile ile, yenye damu ya mwenye kirusi hicho, inaweza kuambukiza kati ya watu 6 na 30 kwa kila 100 wasio na kinga. Tena kirusi hiki kinaweza kubaki hai nje ya mwili angalau siku 7, kwenye damu iliyokauka, mfano ile iliyoachwa kwenye mshono wa kiti cha bajaji. Lakini kina chanjo. Watoto wetu wanaipata ndani ya chanjo ya penta. Watu wazima wengi hawakuipata kabisa. Ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Ningekuwa na sauti kwenye vyama vya bodaboda, ningeanza na hilo kabla ya hotuba zote za usalama barabarani, kwa sababu wao ndio wanaofika kwa majeruhi kwanza, siku zote, mbele ya polisi na mbele yetu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa, tazama mikono yako. Mama lishe aliyejikata kidole asubuhi akimenya viazi, fundi mwenye mikwaruzo ya bati, mtu mwenye tabia ya kung'ata kucha mpaka nyama inatoka: hao wasibane mikono mitupu kama yupo mwingine. Tazama pia vioo vilivyotapakaa, maana kioo kilichopita kwake kikija kupita kwako ni sawa na sindano. Geuza uso pembeni damu ikiwa inaruka. Halafu kuna njia moja rahisi ambayo karibu kila mtu anaisahau: kama majeruhi ana fahamu na mikono yake ni mizima, mpe kitambaa abane mwenyewe. Damu yake, mkono wake. Wewe simama karibu umhimize, mpaka atakapochoka.

Zamani kila mtu alikuwa na rambo, mfuko wa plastiki, mfukoni. Unaingiza mkono kwenye rambo, unabana, kazi imekwisha. Mifuko ile ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na siililii, mitaro ya Dar es Salaam inajua sababu. Ila mfuko mbadala uliokuja, ule unaofanana na kitambaa, una vitundu na damu hupita. Usiutegemee. Mfuko wa mkate unafaa, na vifungashio vya nailoni vya aina ile. Bila hivyo, kunja kanga au kitenge tabaka nyingi uwezavyo. Bora zaidi ni glovu zenyewe, zinazopatikana duka la dawa lolote.

Glovu nazo zina vituko vyake. Niliwahi kumpokea kondakta wa daladala aliyemleta abiria aliyepasuka kichwa. Alivaa glovu mbili safi kabisa kutoka kwenye sanduku la gari, nikampongeza moyoni. Kisha, na glovu zile zile zikiwa nyekundu, akatoa simu mfukoni kumpigia bosi wake, akaiweka sikioni, akajipangusa jasho la kope, akahesabu chenji. Alipozivua alizivuta kwa meno. Glovu hulinda mkono tu, na hulinda pale unapokumbuka kwamba nje yake ni chafu. Ya kwanza ishike kwa nje karibu na kifundo, ivue huku ukiigeuza ndani iwe nje, ibaki imekunjwa kwenye kiganja chenye glovu. Kisha ingiza kidole kitupu chini ya ukingo wa glovu ya pili, kwenye ngozi, geuza hiyo pia, immeze ya kwanza. Unabaki na kifurushi kimoja, uchafu uko ndani.

Halafu nawa. Maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida, ya kipande au ya unga, sekunde 40 hadi 60, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha. Nimeona watu wakijimwagia jiki mikononi, wengine petroli. Kemikali hizo huchubua ngozi, yaani zinakufungulia mlango uliokuwa umefungwa. Jiki ni ya kiti cha bajaji: kwanza futa damu kwa kitambaa cha kutupa, kisha changanya kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji, loweka hapo dakika 10, suuza.

Kama umechomwa na kitu chenye damu, osha kwa sabuni na maji bila kukamua kidonda. Kama ni jicho, limwagie maji safi kwa dakika kadhaa. Baada ya hapo nenda kituo cha afya usiku huo huo, usingoje Jumatatu. Dawa za kinga, wenyewe tunaziita PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Zinamezwa siku 28. Hakuna mtu mwenye akili atakayekuuliza ulikuwa unafanya nini mpaka ukagusa damu ya mtu.

Uchafu unasafiri njia zote mbili, na hili ndilo watu hawalifikirii. Mikono yetu ilikuwa kwenye mnyororo wa pikipiki kabla ya kuingia kwenye jeraha. Kahawa ya unga, tumbaku, majivu, udongo: vyote nimevichokonoa kutoka kwenye vidonda, na pepopunda inapenda udongo kuliko kitu kingine. Kidonda kidogo kioshwe kwa maji safi. Aliyeungua awekwe chini ya maji ya bomba dakika 20, dawa ya meno ibaki kwenye mswaki.

Na aliyeanguka ghafla, haitiki wala hapumui, msukume katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 au 6. Kama kinachokukwamisha ni mdomo wa mtu usiyemjua, achana na mdomo, mikono peke yake ni huduma. Aliyezama majini, huyo anahitaji pumzi kweli.

Yapo mazingira ambapo maneno yangu yote haya yanageuka. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Kagera, na Januari 2025 ukarudi mkoa huo huo, Biharamulo. Mtu mwenye homa kali, anayetapika au kutokwa damu bila kuumia popote, katika eneo lenye tetesi za namna hiyo, si majeruhi wa barabarani. Huyo usimguse hata kwa glovu zako mbili. Weka watu mbali, piga 199, subiri wenye mavazi kamili. Hata akifariki, kuosha mwili si kazi yako.

Kijana wa bodaboda alishonwa, akalala kwetu siku mbili. Siku ya kuondoka alikuja kuchukuliwa na yule yule wa "damu ya mtu". Nikampa jozi mbili za glovu. Akafungua kiti cha pikipiki, akataka kuziweka pale penye spana na plagi ya akiba. Nikamzuia: hizo ni za mpira, joto la pale na mvuke wa petroli vitazila, siku atakapozihitaji zitapasuka mkononi. Akafikiri kidogo, akazikunja, akazitia mfuko wa ndani wa kizibao chake cha kung'aa, upande wa leseni.