Pumu: Hata Siku Usiyokohoa, Mirija Imevimba

Unazijua asubuhi za Juni na Julai hapa Isikizya. Baridi ni kali, hewa ni kavu, na gari moja tu likipita vumbi hutanda nyumba zote. Mwenye afya hupiga chafya akaendelea na safari yake ya shambani. Mwenye pumu hukohoa, kifua hubana, na pumzi hulia kama filimbi. Kwa nini vumbi lile lile limdhuru mmoja na kumwacha mwingine?

Sababu imo ndani ya mirija ya hewa ya mapafu. Kwa mgonjwa wa pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo huwa imevimba hata siku anapojiona mzima. Ni kama kidonda kibichi: ukigusa mkono mzima huoni taabu, ukigusa kidonda unaruka. Hewa ya baridi huikausha mirija, nayo misuli inayoizunguka hujikaza. Njia huwa nyembamba, na ute huzidi kuiziba. Kukimbia huleta mambo hayo hayo, kwa kuwa mtu huhemea mdomoni na hewa haipiti puani ikapata joto na unyevu. Moshi wa jikoni, wa sigara na wa mabani ya tumbaku ni mbaya zaidi, maana huongeza uvimbe wenyewe. Basi kumfukiza mgonjwa moshi wa majani ni kumzidishia ugonjwa.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Dawa ya kuvuta ya salbutamoli, ambayo mara nyingi kikopo chake ni cha bluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache. Haiondoi uvimbe. Uvimbe hupunguzwa na dawa nyingine ya kuvuta, kama beklometasoni, inayotumiwa kila siku kama mganga alivyoagiza, hata kama hukohoi. Suuza kinywa kila ukishaivuta. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri mtu mzima kutegemea salbutamoli peke yake.

Mtoto asiyeweza kuvuta vizuri atengenezewe chupa safi ya plastiki ya nusu lita. Itobolewe kitakoni, kikopo kichomekwe na kubana, naye apumulie mdomo wa chupa. Madaktari wa Cape Town walieleza mwaka 1999 kwamba inafaa kama kifaa cha kununua.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja, au midomo ikigeuka rangi, mkalishe wima. Endelea kumpa ile dawa ya bluu huku mkimkimbiza kituo cha afya. Usingoje kukuche.