Dawa za Saratani na Mishipa ya Damu

 

Wengi wenu mnajua kwamba dawa za saratani huleta kichefuchefu na kufanya nywele zinyonyoke. Leo tuzungumzie madhara yasiyotokea mara nyingi, lakini ukiyajua waweza kuokoa maisha. Haya ni madhara ya mishipa ya damu.

Kwanza, vidole. Dawa ya bleomisini, ambayo hutumiwa kutibu saratani kama ile ya Kaposi, yaweza kufanya mishipa midogo ya vidole ijikaze ikipata baridi. Damu haifiki vizuri. Vidole hufa ganzi, huuma, hupauka au huwa vya samawati. Kwa ngozi yetu nyeusi, tazama kucha na ncha za vidole upande wa kiganja. Hali hii yaweza kuanza hata miezi kadhaa baada ya matibabu kwisha.

Mvishe mgonjwa glavu na soksi, na asifue kwa maji baridi. Asivute sigara, kwani nayo hukaza mishipa. Usimpashe vidole kwenye jiko la makaa. Vidole vilivyokufa ganzi havisikii moto, naye ataungua bila kujua. Kidole kikiwa cheusi au kikitoka kidonda, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Pili, mguu. Saratani yenyewe, na dawa kama sisplatini, huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa moto, usiukande wala kuusugua kwa mafuta. Bonge la damu laweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Mpeleke hospitali siku hiyo. Akikosa pumzi ghafula au akikohoa damu, usingoje hata kidogo.

Tatu, kifua. Dawa ya fluorourasili, na vidonge vya kapesitabini, mara chache hukaza mishipa ya moyo. Mgonjwa akilalamika kifua, usiseme ni kiungulia tu. Asimeze kidonge kingine kabla ya kuonwa na daktari. Mpeleke mara moja, ukibeba dawa zake na kadi ya kliniki.

Wagonjwa wengi hutibiwa bila kupatwa na haya. Kwa hivyo, mama, usimwachishe mgonjwa wako matibabu kwa hofu. Ukiona dalili, sema mapema, maana daktari anaweza kubadilisha dawa.

Hadi mazungumzo yajayo, kaeni salama.