Curtis Mayfield: Wacheni Kumhurumia, Skizeni Ngoma

Ukitaja Curtis Mayfield kwa base yoyote ya wasee wa muziki, utajibiwa vitu mbili. Super Fly ya 1972, na Move On Up ya 1970. Zile tarumbeta za Move On Up ndizo Kanye West alichukua 2005 akaunda nazo Touch the Sky, so hata ka hujui jina la huyu buda, kazi yake unaijua. Alafu kuna One Love ya Bob Marley, ile haikosangi kwa mat ya reggae. Jina lake kamili ni One Love/People Get Ready, na kwa waandishi Curtis ameandikwa hapo na Bob, juu People Get Ready ni ngoma aliandika 1965 akiwa na kikundi chake, The Impressions. Tumekua na huyu mzae maskioni bila kujuana na yeye.

Lakini albamu yake ya mwisho, New World Order ya 1996, karibu hakuna mtu huitaja. Na wale wachache huitaja, huibonga na sauti ya kutembelea mgonjwa. Maskini, alikuwa amelala kitandani. Maskini, alijaribu. Mimi hiyo maskini nadai tuiweke kando. Hii albamu haitaki huruma ya mtu. Ni kazi ya msee alikuwa bado anajua kuandika kushinda vijana wengi wa hiyo mwaka, na kuna ngoma moja ndani yake naiweka bila uoga kwa shelfu moja na Super Fly.

Kitu ilimpata ilikuwa noma, lazima nikupe hiyo story ndio uelewe sauti yenye utaskia. Tarehe 13 Agosti 1990, Curtis alikuwa Brooklyn, New York, kwa shoo ya nje huko Wingate Field. Upepo ulikuwa umechafuka. Anapanda tu steji, gita mkononi, mnara wa mataa ukaanguka ukamgonga. Shingo ikaumia, na kutoka shingo kuenda chini mwili ukazima. Hakuwahi simama tena, na hakuwahi shika gita tena.

Hapo kwa gita ndio mimi huumianga zaidi. Curtis alijifunza kupiga akiwa kijana Chicago, bila mwalimu. Alikuwa amezoea piano, hasa zile funguo nyeusi, so alipopata gita akaziweka nyuzi zifuate zile noti. Karibu hakuna mtu alipiga gita ikiwa imefungwa hivyo. Ndio maana ukiskia gita yake unajua ni yeye hata kabla afungue mdomo: laini, ya pembeni, kama mtu anakunong'onezea kitu wakati wengine wanapiga kelele. Jimi Hendrix mwenyewe alimskizanga. Sasa hebu fikiria, hiyo gita haiko kwa New World Order. Hata noti moja. Kila wimbo hapo umejengwa na mikono ya watu wengine.

Imebaki sauti. Na hata hiyo sauti ilitoka kwa shida, juu mapafu hayakuwa na nguvu ya kusukuma hewa. Akikaa kwa kiti hangeweza kuimba vile alitaka. Ilibidi alale chali ndio uzito wa mwili wake usaidie kifua kusukuma, alafu anaimba mstari mmoja. Anapumzika. Mstari unafuata. Anapumzika tena. Mafundi wa studio wakaunganisha hizo vipande mpaka wimbo ukakamilika. Ngoma ni 13. Piga hesabu ya mistari.

Wakosoaji wengi wakifika hapa husimama, wanashangaa, wanamsifu kwa roho ngumu, wanafunga kitabu. Ni kama albamu yenyewe ni picha ya mgonjwa akitabasamu. Hiyo ndio inaniudhi. Roho ngumu alikuwa nayo, hiyo haina mjadala, lakini roho ngumu pekee haitengenezi wimbo. Unaweza kuwa shujaa na utoe albamu mbaya. Swali la msingi ni rahisi: ukifinya play, kuna kitu hapo?

Kiko. Skiza vile anaingia kwa mistari. Zamani Curtis alikuwa na ile sauti ya juu nyembamba, anaipandisha inaelea, anaivuta anavyotaka. Hapa kuvuta haiwezekani, so ameandika na kuimba kwa vipande vifupi. Anasema, ananyamaza, biti inapita, anasema tena. Sauti imeshuka kidogo, imekauka kidogo, na iko karibu sana na maiki, unaskia pumzi ikiisha. Kwa mwimbaji mwingine hiyo ingekuwa aibu ya kufichwa. Yeye ameipanga iwe ndio mdundo. Zile nafasi za kimya zinafanya kazi ya gita yenye haiko, na hiyo ni akili ya msee ameandika ngoma tangu miaka ya hamsini, haikuja kwa bahati.

Sasa kumbuka 1996 ilikuwa mwaka gani. 2Pac alidrop All Eyez on Me Februari, akauawa Septemba. Fugees walikuwa na The Score. Maxwell alikuwa ametoka na albamu yake ya kwanza. Aaliyah alikuwa na One in a Million. Outkast wakadrop ATLiens Agosti. Katikati ya hao wote anatokea mzae wa miaka 54, hawezi kuenda tua, hawezi kusimama mbele ya kamera acheze. Redio za vijana zilikuwa na haraka. Tuzo za Grammy zikamtaja kwa wanaowania, akatoka mikono mitupu. Spike Lee aliuchukua wimbo wenye jina la albamu akauweka kwa filamu yake Get on the Bus, hiyo mwaka hiyo hiyo, na baadaye kelele ikaisha.

Lakini cheki kitu watu walipita nayo mbio. Vijana wa Atlanta, base ya Outkast, walikuwa ndani ya hii albamu. Curtis alikuwa ameshahamia Atlanta kitambo, na mtaani hapo kulikuwa na mbogi inaitwa Organized Noize: Rico Wade, Ray Murray na Sleepy Brown. Walikuwa wanapika biti kwa beizimenti ya nyumba ya mathake Rico, sakafu ya udongo, mahali walipaita the Dungeon. Hapo ndio Outkast walitoka. Hapo ndio Goodie Mob walitoka. 1995 walikuwa wamewapa TLC Waterfalls, na hiyo ilifika namba moja Marekani. Hawa majamaa wangeenda kwa Curtis wakamtengenezea kitu ya kumheshimu tu, nyuzi nyororo, mapambio, mzee apumzike. Badala yake walimpa biti nzito ya pole pole, besi iko chini kabisa, ya usiku, ya kitaa. Wimbo unaitwa Here but I'm Gone.

Hii ndio ngoma nadai uskize.

Kila mtu akisoma hilo jina anafikiri Curtis anabonga kuhusu mwili wake. Niko hapa lakini nimeenda, si ndio? Msee amelala, hawezi kusonga. Na enyewe hiyo maana iko, huwezi kuikwepa. Lakini ukifuatilia wimbo wenyewe, anayebonga ni teja. Ni mtu madawa yamemmaliza, anajiangalia mwenyewe, anajiuliza alifikaje hapa, anaona watu wake wakimwona na hawamwoni. Kila kitaa huku kwetu kina huyo msee. Alikuwa anacheza ball poa shuleni. Alikuwa na dame. Siku hizi anapita hapo stage akiwa ameinama, mnampea mbao, hakuna mwenye anakumbuka kumuita kwa jina lake.

Rudi sasa 1972, uone venye huyu buda alikuwa ametoka mbali na hii story. Super Fly zilikuwa ngoma za filamu, na hiyo filamu ilikuwa inamfanya muuza unga aonekane staa. Curtis aliandika nyimbo za kuibishia. Kwa Pusherman alivaa sauti ya muuzaji mwenyewe, ukaskia vile anajisifu na vile anakunasa. Kwa Freddie's Dead akamlilia Freddie, kijana ametumiwa na kila mtu na amekufa bila mtu kujali. Freddie mwenyewe hakupewa nafasi ya kuongea, alikuwa anaongelewa tu. Miaka 24 ikapita. 1996, Curtis amelala chali, anampea maiki yule mtu wa mwisho kabisa kwa hiyo biashara, mwenye kila mtu ashamzika kabla ya wakati. Wengi wangekuwa kwa hali yake wangeimba kuhusu maumivu yao, na nani angewalaumu? Yeye alichukua mwili wake wenye umezima akautumia kuelewa maumivu ya mtu mwingine. Sijui msanii mwingine amefanya kitu kama hiyo akiwa pale alikuwa.

Wageni wa albamu nao hawakuja kupiga picha. Mavis Staples ako kwa Ms. Martha, na Mavis alikuwa na sababu: 1975 Curtis ndiye aliandikia kikundi chake, Staple Singers, Let's Do It Again, ikawabeba hadi namba moja. Aretha Franklin anatokea kwa Back to Living Again. Huyo naye, 1976 Curtis alikuwa amemwandikia na kumtayarishia albamu nzima, Sparkle, wakati watu walikuwa wameanza kusema mama amepoa. Aretha hapa haimbi sana. Anaingia kumsukuma mbele, kama vile dada mkubwa kanisani husimama nyuma ya kijana amesahau maneno. Hapo mimi huwa sina maneno mengi.

Ameirudia pia We People Who Are Darker Than Blue, ngoma yake ya 1970, wakiwa na Roger Troutman wa Zapp, yule unamjua kwa California Love ya 2Pac. Ile ya kwanza ilikuwa na hasira ya kijana, katikati inapasuka, ngoma za mkono zinakimbia. Hii ya pili inatembea. Anawaambia watu weusi yale yale aliwaambia akiwa na miaka 28, sasa kwa sauti ya mzee amekaa nao mezani. Kuna wale wanaipenda ya kwanza na siwalaumu. Hii ya pili bado nairudia.

Si kila kitu hapo ni dhahabu, na kukuambia ni dhahabu yote ni kumhurumia tena kwa njia ingine. Just a Little Bit of Love ni soul ya redio ya miaka ya tisini, imepigwa pasi mpaka haina mkunjo, ungempa mwimbaji yeyote. The Got Dang Song inajaribu kuchangamka na haifiki. Maprodyusa walikuwa wengi, kila mmoja na ladha yake, na kuna mahali kinanda na mapambio vinamfunika badala ya kumpisha. Ukinipa mkasi nabaki na ngoma nane, na hizo nane zinatosha kushindana na albamu yoyote ya soul ya hiyo mwaka.

Kuna kitu ingine masanii wa hapa Nairobi wangechota kwake, hata ka soul si dunia yao. Huyu msee tangu miaka ya sitini alisimamia haki za nyimbo zake mwenyewe, na 1968 akaanzisha lebo, Curtom. Alipoumia na shoo zikaisha, zile nyimbo bado zilikuwa zinamlisha. Marapa walikuwa wanakata vipande vya ngoma zake kila mwaka, na pesa ya mwandishi ilikuwa inarudi nyumbani kwake. Wangapi huku wameandika hit, wakaugua, na sasa tunawachangia kwa paybill?

Kisukari kilimchukua mguu mmoja 1998. Alikufa tarehe 26 Desemba 1999 huko Georgia, akiwa na miaka 57. New World Order ndio albamu ya mwisho ya studio alitoa.

So leo jioni, ukiwa kejani au kwa mat ya kurudi mtaa, weka earphone, uanze na Here but I'm Gone. Iskize mara mbili. Ukitoka hapo enda New World Order, Ms. Martha, Back to Living Again, alafu We People Who Are Darker Than Blue. Na ka kuna teja huwa unampita pale stage, kesho muite kwa jina lake.