Wastani Wenye Kumbukumbu: Jinsi Chuo Kikuu Kinavyopima Maendeleo ya Mwanafunzi

Kijana amalizaye Kidato cha Nne nchini Tanzania amezoea hesabu ya aina moja. Gredi A ina pointi 1, B ina 2, C ina 3, D ina 4 na F ina 5. Masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi hujumlishwa, na mwenye jumla ya pointi 7 hadi 17 huwekwa katika divisheni ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, pointi zikiwa chache ndipo sifa inapokuwa kubwa, na somo lililo nje ya yale 7 halimwongezei mtu pointi wala kumpunguzia.

Afikapo chuo kikuu hukuta mambo yamepinduliwa. Huko pointi nyingi ndizo zenye sifa, na kila kozi ya shahada huingia katika hesabu, iwe nzuri au mbaya. Wengi huitambua tofauti hii katika mwaka wa pili au wa tatu, wakati marekebisho yamekwisha kuwa magumu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hesabu hiyo inavyofanya kazi, ili mwanafunzi wa sekondari aijue kabla haijaanza kumhesabu.

Kutoka alama hadi pointi

Madaraja ya shahada yalifika kwetu pamoja na chuo kikuu chenyewe. Chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikiwatayarisha wanafunzi kwa shahada za huko. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Majina ya madaraja yamebaki: daraja la kwanza, daraja la pili la juu, daraja la pili la chini, na ufaulu wa kawaida. Njia ya kuyafikia sasa ni kukokotoa wastani wa pointi, ambao wanafunzi huuita GPA.

Katika kipimo kitumikacho sana kwa shahada za kwanza nchini Tanzania, alama 70 hadi 100 ni A, yenye pointi 5. Alama 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. Alama 50 hadi 59 ni B, pointi 3. Alama 40 hadi 49 ni C, pointi 2. Alama 35 hadi 39 ni D, pointi 1. Na chini ya hapo ni E, isiyo na pointi. Wastani wa 4.4 hadi 5.0 humpa mtu daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ufaulu wa kawaida. Baadhi ya fani, kama udaktari, zina kanuni zake.

Uzito wa kozi

Kozi hazilingani uzito. Uzito huo hupimwa kwa krediti, na krediti 1 ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za mihadhara, maabara na kujisomea. Kwa kila kozi huzidishwa pointi kwa krediti. Majibu yote hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote.

Hebu tuchukue mfano. Neema amesoma kozi nne: Hisabati krediti 12, Fizikia krediti 12, Mawasiliano krediti 8, na Kompyuta krediti 8. Amepata A katika Hisabati, B katika Fizikia, B+ katika Mawasiliano na C katika Kompyuta. Jumla yake ni 60 + 36 + 32 + 16, yaani 144. Tukigawanya kwa krediti 40 tunapata 3.6: daraja la pili la juu.

Sasa tuseme Hamisi amepata gredi zilezile, ila A yake iko katika Kompyuta na C iko katika Hisabati. Jumla yake ni 24 + 36 + 32 + 40, yaani 132, na wastani wake ni 3.3: daraja la pili la chini. Herufi zao ni zilezile. Lililowatenganisha ni mahali zilipoangukia. Ndiyo sababu mwanafunzi mwangalifu hugawa saa zake za kusoma kwa kutazama krediti, wala si kwa kutazama kozi anayoipenda.

Ngazi na kasoro zake

Kupanga alama katika ngazi kuna manufaa. Hakuna mtihani uwezao kutofautisha kwa uhakika ujuzi wa mwenye alama 64 na wa mwenye 65. Walimu wawili wakisahihisha insha moja, mara nyingi watahitilafiana kwa zaidi ya alama moja. Ngazi hufunika tofauti hizo ndogo. Lakini kila ngazi ina ukingo, na ukingoni tofauti ileile ndogo hukuzwa: alama 69 huleta pointi 4, na alama 70 huleta pointi 5.

Matokeo yake huweza kushangaza. Mwanafunzi mmoja amepata 70 na 50 katika kozi mbili zenye uzito sawa. Mwenzake amepata 69 na 59. Wa pili ana alama 128 dhidi ya 120 za wa kwanza. Hata hivyo wa kwanza ana wastani wa 4.0, na wa pili 3.5.

Si kila mahali hesabu huenda hivyo. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya wastani hukokotolewa kutokana na alama zenyewe. Hapo wa pili angeongoza kwa 64 dhidi ya 60. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, pointi hupanda kwa nusu nusu kila baada ya alama 5, kuanzia pointi 2 kwa alama 50 hadi pointi 5 kwa alama 80. Hapo wote wawili wangekuwa na 3.0. Wanafunzi ni walewale na majibu yao ni yaleyale, lakini vipimo vitatu vimetoa hukumu tatu. Kwa hiyo wastani wa chuo kimoja usilinganishwe na wa chuo kingine kabla ya kujua kipimo kilichotumika.

Kumbukumbu ya wastani

Sifa kubwa ya wastani huu ni kwamba hausahau. Tuchukue shahada ya miaka mitatu yenye krediti 120 kila mwaka, jumla krediti 360. Mwanafunzi amemaliza mwaka wa kwanza na wastani wa 2.4, na anataka kuhitimu kwa 3.5. Anahitaji 3.5 mara 360, yaani 1260. Amekwisha kupata 2.4 mara 120, yaani 288. Zimebaki 972 za kupatikana katika krediti 240, sawa na wastani wa 4.05 kwa miaka yote miwili iliyobaki. Ni kazi nzito, lakini inawezekana.

Tuseme sasa amezinduka baada ya miaka miwili, wastani wake ukiwa bado 2.4. Amekusanya 576, zimebaki 684 katika krediti 120, yaani wastani wa 5.7. Kipimo kinaishia 5.0. Hata akipata A katika kila kozi ya mwaka wa mwisho, lengo lake limekwisha kumponyoka.

Kanuni za kuendelea na masomo

Kutokana na hesabu hiyo tunaweza kuelewa kanuni ambazo wanafunzi huziogopa. Aliyeshindwa kozi hupewa mtihani wa marudio, maarufu kwa jina la "sapu", na kwa kawaida hata akijibu vizuri namna gani hapewi zaidi ya C. Mtihani huo huokoa krediti, hauokoi wastani. Huko Makerere, ambaye wastani wake umeshuka chini ya 2.0 huendelea kwa masharti, akionywa kwamba asipopanda ataondolewa. Onyo hilo lina maana likitolewa mapema, maana mwanafunzi mwenye krediti chache nyuma yake ndiye bado ana nafasi ya kuusogeza wastani wake.

Chuo hapa hujilinda na makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumwondoa ambaye angeweza kuinuka. La pili ni kumbakiza ambaye miaka na fedha zake zitapotea bure. Nchini Tanzania jambo hili hugusa mfuko pia, kwani mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huendelea kwa yule anayefaulu kuendelea na masomo.

Mwalimu wa Hisabati anaweza kuifanya mifano hii kuwa zoezi la darasani, kwa kuwa haihitaji zaidi ya kuzidisha, kujumlisha na kugawanya. Naye mwanafunzi ajiungaye na chuo aombe kanuni za mitihani katika wiki ya kwanza, aandike krediti za kila kozi, na akokotoe wastani wake kila muhula bila kungoja kuitwa ofisini. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hiki huanza kujazwa siku ya kwanza, na kilichotiwa humo hakitolewi tena.